Kutoka Sakina hadi Mweka: wiki ya kilomita 21 zangu za kwanza

Jumapili, wiki moja kabla ya nusu marathoni ya Kilimanjaro, Moshi

Leo tumekimbia mbio ndefu ya mwisho. Kocha ametupa kilomita 12 tu. Wiki tatu zilizopita tulifika 18 na watu wakalalamika. Leo wamelalamika kwamba 12 hazitoshi. Kocha hakubishana nao. Alisema kazi ya kuujenga mwili imekwisha, kilichobaki ni kuupumzisha, na atakayeongeza hata kilomita moja kwa siri atailipa kwenye mpando wa Mweka.

Tunaanzia kituo cha mafuta hapa Sakina saa kumi na moja alfajiri, tunaelekea barabara ya mchepuko, ile ambayo Arusha nzima inaiita baipasi. Saa hizo giza bado ni zito. Mbwa wamefunguliwa, malori yanapita kwa kasi, na mwanamke anayekimbia peke yake husikia maneno ambayo sitayaandika. Ndiyo maana nyuma yetu kuna pikipiki. Kijana wa bodaboda kutoka kijiwe cha jirani anatufuata taa ikiwaka, gia ya kwanza, mwendo wa mtu. Tunamchangia mafuta, shilingi elfu moja kila mmoja, na najua hailingani na anachopoteza, maana alfajiri ndiyo saa ya abiria wanaowahi stendi. Sheria ya kikundi ni moja: taa haimpiti mtu wa mwisho.

Mtu wa mwisho tangu Oktoba ni mimi. Nina miaka 41 na kazi yangu ni cherehani, kwa hiyo karibu miaka ishirini nimeimaliza kwenye kiti. Miezi hii mitano nimeujua mgongo wa kila mwenzangu. Nimekijua na kivuli changu, kwa sababu taa inapiga kutoka nyuma na kivuli kinatangulia mbele, kirefu, chembamba, kinakimbia vizuri kunishinda. Siku za mwanzo nilimwomba yule kijana anipite awafuate wenzangu, nikiona haya kumchelewesha. Akaniambia, "Dada, kazi yangu mimi iko huku nyuma." Sikumwomba tena.

Majina ya watu nayaacha. Katika kikundi kila mmoja tumempa jina la kazi yake: Kocha, Mwalimu, Dereva ambaye ni yule kijana wa pikipiki, Dada wa Dawa ambaye ana duka la dawa, na mimi Fundi. Mmoja tu tunamwita kwa undugu, Shangazi. Anauza vitumbua Ngarenaro, ana miaka 52, na ananiacha mbali kila wiki.

Jumatatu na Jumanne

Cherehani siku zote mbili. Ninamalizia nguo za safari.

Wanaoanza mbio huuliza kwanza habari ya raba. Raba ni muhimu, sibishi. Zangu ni za mtumba; nilizichagua kwa kukunja soli na kubonyeza kisigino, jozi baada ya jozi, mpaka muuzaji akachoka. Lakini kinachomtoa mgeni machozi kwenye kilomita ya 15 mara nyingi ni mshono. Fulana ya pamba inakunywa jasho na kukaa nalo. Inalowa, inakuwa nzito, na pindo la kwapani linageuka msasa. Kitambaa cha jezi kinakauka haraka, kwa hiyo wenzangu nimewashonea kwa hicho, na sehemu za kwapani na katikati ya mapaja nimeigeuza ovaloki, ule mshono wa kufunga ukingo wa kitambaa, itokee nje. Kwa macho haipendezi. Kwa ngozi ni salama. Ndani ya kiuno nimeweka kimfuko cha lastiki cha kutosha noti mbili na funguo.

Shangazi anakimbia na hijabu, na sketi juu ya suruali. Mwanzoni sketi ilimfunga magoti. Niliikata upya nikaweka marinda mawili ya ndani pembeni, hatua ikafunguka. Siku alipoijaribu alikimbia kutoka dukani kwangu hadi kwenye mtaro na kurudi, watu wa mtaani wakapiga makofi. Sketi hiyo ndiyo nguo niliyoishona kwa moyo kuliko zote mwaka huu, na ndiyo isiyokwenda kukimbia Jumapili.

Jumatano

Sababu ni kalenda. Leo ni Jumatano ya Majivu, na mwezi wa Ramadhani nao unaandama wiki hii hii. Mwalimu alikuja mazoezini jioni akiwa na alama ya majivu kwenye paji la uso. Shangazi alikuja na mfuko wa tende. Tulikimbia kilomita nne za taratibu, kasi ya kuongea, yaani kasi ambayo unaweza kumsimulia mwenzako jambo refu bila kukata sentensi katikati. Kocha anasema wageni wa mbio wanaharibikiwa kwa kuamini kwamba kila siku lazima wahemewe.

Baada ya kujinyoosha Shangazi alitueleza. Aliiona hesabu hii tangu Novemba, ndiyo maana hakujiandikisha. Hatujui kwa nini aliendelea kuamka alfajiri miezi yote ile, na mtu mmoja akamuuliza hivyo waziwazi. Akajibu, "Mlikuwa mnakwenda. Nikae nyumbani nifanye nini?"

Kisha akasema atakwenda Moshi nasi. Atashika maji.

Kulikuwa na ukimya. Dada wa Dawa akamwambia si vizuri, utafunga huku umesimama juani umeshika maji ya watu? Moshi ya Februari inaunguza. Shangazi akamtazama kama anavyotazamwa mtoto aliyesahau shikamoo. "Mwanangu, saumu yangu haikatwi na kiu yako."

Alhamisi

Nimekata kucha za miguu, fupi lakini si za kuchimba. Ukiteremka mlima na kucha ndefu zinapiga mbele ya raba na kugeuka nyeusi. Sikulala vizuri.

Ijumaa

Tumepanda Coaster ya saa nne, kikundi chote, watu wanane. Kati yetu wageni wa kilomita 21 ni wanne. Arusha hadi Moshi ni kama kilomita 80: Tengeru, Usa River, njia panda ya KIA, Boma Ng'ombe, Weruweru, umefika. Tangu utoto nimeipita njia hii kwa misiba na harusi. Leo kwa mara ya kwanza niliitazama barabara yenyewe, wapi inapanda, wapi inalala, na nikajikuta nahesabu: kutoka hapa hadi pale ni 21. Ilikuwa mbali sana. Nikaacha kuhesabu.

Kondakta aliona raba zimening'inia kwenye mabegi akauliza kama tunakwenda kwenye marathoni. Basi gari zima likaingia kwenye habari za Simbu. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikimbia kilomita 42 na kitu, akaingia uwanjani bega kwa bega na Amanal Petros wa Ujerumani, wote wawili wakaandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ikaamua. Sekunde tatu za mia, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Mzee mmoja kiti cha mbele alisema yeye anakumbuka Filbert Bayi wa Karatu alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, wakati huo walisikiliza redio. Nilipenda kwamba hakuna aliyetuuliza sisi tutashika nafasi ya ngapi. Waliuliza tumejiandaa vipi, na mama mmoja akatupa machungwa.

Moshi tuliposhuka joto lilitupokea kwa nguvu. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Moshi haufiki 1,000. Hewa ni nzito zaidi na mapafu yanafurahi, lakini jua halina huruma. Mlima umefunikwa na mawingu, hatujauona.

Tumefikia Pasua kwa kaka yake Mwalimu. Magodoro yamepangwa sebuleni. Shemeji wa Mwalimu amepika machalari sufuria kubwa kabisa. Jua lilipozama Shangazi alifungua kwa tende, na mwenye nyumba, ambaye ni Mlutheri wa kuzaliwa, alikuwa ameshamwandalia uji wa pilipili manga bila kuambiwa na mtu.

Jumamosi

Kocha aliwachukua wageni wanne asubuhi, tukapanda daladala la Mweka. Hakutaka tutembee. Alitaka tuone. Njia inaacha mji na kuanza kupanda kidogo kidogo. Unaona kahawa, unaona migomba, nyumba zimejificha ndani ya kijani, mifereji inapita kando ya barabara. Inapanda bila kukuonyesha kwamba inapanda. Gari likabadilisha gia, Kocha akasema, "Hapo. Likibadilisha gari, nanyi badilisheni." Mpango wetu ni kukimbia dakika nne na kutembea moja. Kwenye mwinuko mkali ni mbili kwa moja. Alitufanya tuuseme kwa sauti, abiria wakicheka.

Kisha akatuambia jambo ambalo sikulitegemea, kwamba mpando si adui mkubwa. Ukipanda moyo unakwenda mbio na unalazimika kupunguza. Ukishuka unahisi una mabawa, unajiachia, na kila hatua mapaja yanashika breki ya mwili mzima. Wanaoshindwa kushuka ngazi Jumatatu wanalipia mteremko.

Mchana nilibandika namba kifuani kwa pini nne. Niliivaa fulana nikajitazama kwenye kioo cha chooni, nikaivua, nikaikunja.

Usiku Mwalimu alisimulia habari za John Stephen Akhwari. Wengi tunaijua kipande kipande. Mexico City, 1968, mbio za marathoni za Olimpiki. Mtu wa Mbulu, siku hizo Mbulu ikiwa bado mkoa wa Arusha. Alianguka akaumia goti vibaya, akafungwa bendeji, akaendelea. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, naye akawa wa 57, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia aliyeshinda. Giza lilikuwa limeshaingia na watu wengi wameshaondoka uwanjani.

Kila anayesimulia habari hii humalizia na kile alichokisema Akhwari, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Ni maneno makubwa. Mimi usiku huu nimelala nikiwafikiria wale wachache waliokuwa bado kwenye viti. Washindi wameshapewa medali, baridi ya jioni imeshuka, hakuna kilichobaki cha kutazama, nao wako pale. Walipigia makofi mtu anayechechemea. Ningependa kujua walibaki kwa nini.

Jumapili

Tuliamshwa na daku. Saa kumi usiku Shangazi alikuwa jikoni anakula kabla ya alfajiri, na kwa kuwa alikuwa ameshawasha jiko, uji wetu aliupika yeye. Alikula nasi. Kwake ilikuwa chakula cha mwisho hadi magharibi, kwetu ilikuwa mafuta ya safari, bakuli zilikuwa za aina moja. Mkate, ndizi, uji wa ulezi, hakuna kitu kigeni tumboni. Nikapaka mafuta ya mgando kwapani, mapajani na katikati ya vidole.

Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika ulikuwa umejaa kabla jua halijatoka. Kilimanjaro Marathon ilianza mwaka 2003, na sasa watu wanatoka kila pembe ya nchi na nje. Kulikuwa na vikundi vya jogingi vya Dar es Salaam vikiimba kwa kuitikiana, wazee wa kilomita 5 na wajukuu, Wazungu wekundu kabla hata ya kuanza. Na mlima ulikuwa wazi. Kibo, mweupe juu, mita 5,895, umesimama pale pale ulipokuwa siku zote. Niliangalia nikashindwa kusema neno, Dada wa Dawa akanishika mkono.

Tukaachiwa. Umati ulinibeba na miguu ikataka kwenda. Nikajilazimisha kuongea. Nilimsimulia Dada wa Dawa habari za mteja wangu wa sare za shule, habari ndefu isiyo na maana, kwa sababu nilipoweza kuisimulia nilijua kasi ni sahihi. Mjini watu walikuwa kwenye vibaraza na vikombe vya chai. Mama mmoja alipiga sufuria kwa mwiko.

Pale barabara inapoanza kupanda kweli tulikubaliana kila mmoja afuate pumzi yake. Yeye alibaki nyuma kidogo. Nikageuka mara moja, akanipungia mkono niende.

Shangazi alikuwa amechagua mahali mwenyewe, chini ya mti, mara baada ya mwinuko wa kwanza, na dumu la maji na vikombe vya plastiki. Nilimwona kwa mbali kwa rangi ya hijabu niliyomshonea. Hakunipa maji ya kunywa kwanza. Alinimwagia kikombe kizima utosini, kisha akanipa kingine akasema, "Mafunda mawili. Usijaze tumbo." Kocha alishatufundisha kwamba maji mengi kupita kiu ni hatari pia, yanazimua chumvi ya mwili. Mikono yake ilikuwa imelowa hadi kwenye viwiko. Midomo yake ilikuwa imekauka. Mbele yangu alimwagia maji kijana asiyemjua, na nyuma yangu nikasikia anamwita mwingine, "Njoo mwanangu, njoo."

Mpando sitausimulia wote. Mbili kwa moja, mbili kwa moja. Waliotangulia walikuwa wameshageuka wanashuka upande wa pili, na hili sikulijua kabla: mtu anayeshuka kwa kasi, asiyekujua, pumzi imemwisha, bado anatoa sauti moja kwa ajili yako. "Kaza mama!" "Umefika!" Nilikuwa sijafika hata kidogo. Watoto walitoka migombani wakanyoosha viganja tupigane navyo. Mmoja alikimbia nami, peku, kama mita mia mbili, akaniuliza jina langu na ninakotoka, akanipita, akanisubiri.

Nilipogeuka nikaamini maneno ya Kocha. Mteremko ni mtamu na unakula mapaja. Kichomi kilinibana ubavuni, nikatembea hadi kikaachia. Na kwapa la kulia likaanza kuwaka. Mshono wangu mwenyewe! Nilikuwa nimegeuza ovaloki za watu wote saba, ya kwangu niliimalizia usiku wa Alhamisi nikiwa nimechoka, na upande mmoja nikauacha ndani. Kilomita sita nilikimbia mkono wa kulia umeinuka kidogo kama bawa la kuku.

Shangazi alikuwa bado pale. Jua lilikuwa limehama na kivuli cha mti kimemkimbia, yeye hakukifuata kwa sababu kivuli kilikwenda mbali na barabara. Sikusimama. Alinimwagia huku anatembea nami hatua kumi. Nilisema, "Shangazi, kaa kivulini." Akasema, "Dada wa Dawa hajashuka."

Niliingia uwanjani kwa muda wa saa 3 na dakika 11. Baada ya mstari nilitafuta sura na sikuona, macho yalijaa jasho na vitu vingine. Nilichokiona ni mwanga. Dereva alikuwa amesimama kwenye uzio ameinua simu, tochi imewaka, mchana kweupe.

Nikavikwa medali, nikakaa chini, nikataka kulala pale pale. Kocha akaniinua. "Bado mmoja."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba kwa mara ya kwanza tangu Oktoba si mimi. Tulisimama kwenye uzio na Dereva hakuizima ile tochi. Nusu saa ilipita. Kukimbia kulinichosha, lakini kusubiri kulinibana kifua kwa namna nyingine, maana unapokimbia walau unajua ulipo. Kila fulana ya bluu iliyotokea, akilini ilikuwa ya Dada wa Dawa, na haikuwa yake. Watu walianza kuondoka. Kocha alirudi njiani kumfuata. Hatimaye wakatokea, yeye anatembea na kukimbia, Kocha pembeni hajamgusa, na upande wa pili Shangazi na dumu tupu mkononi, sketi yake ya marinda mawili inapepea. Alikuwa ameivaa hata hivyo. Sikuiona asubuhi kwa haraka.

Jioni tulikuwa tumeshakula mchana, tena sana, lakini hakuna aliyegusa kitu kuanzia saa kumi. Tulikaa uani Pasua na tende katikati ya mkeka. Adhana ilipolia msikitini nilimimina maji kwenye bilauri nikampa kwa mikono miwili. Alinywa mafunda mawili, akaiweka chini, akasoma dua yake, ndipo akanywa yaliyobaki.

Jumatatu

Nyumbani Sakina. Ngazi nateremka kinyumenyume. Cherehani yangu ni ya pedali na mapaja yanakataa, basi nimekaa nafumua ule mshono wa kwapa kwa wembe.

Shangazi alipita dukani baada ya adhuhuri na kalenda ya ukutani imekunjwa kwenye mfuko. Amepiga hesabu. Ramadhani inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na mbio za Moshi ziko mwishoni mwa Februari. Mwakani zitaangukia ndani ya mfungo tena. Mwaka 2028 mfungo utakuwa unaisha siku hizo hizo za mbio. Nafasi yake inafunguka 2029, naye atakuwa na miaka 55. Hakulalamika, aliisoma kama mtu anayesoma ratiba ya basi.

Nilimpigia Kocha simu akiwa amekaa pale pale. Hakuchukua dakika tano kufikiri. Masika yakiisha, Juni, tutakimbia 21 hapa hapa Arusha, baipasi, kikundi chote, na Dereva nyuma. Hakuna namba, hakuna chipu ya kupimia muda. Umbali Kocha ataupima kwa pikipiki wiki hii. Maji nitashika mimi kilomita kumi za mwisho, nimeshasema. Shangazi aliuliza kama watu hawatachoka kukimbia mbio ndefu hivyo kwa ajili ya mtu mmoja, nikamwambia asimame wima nimpime kiuno, amepungua, sketi ile itamvuka.